Tiketi za treni Italia kwa mtandao: Roma – Firenze – Venezia – Milano, zipi zinunuliwe mapema na zipi zisubiri?

Mwenda_Roma

Wakuu, habari zenu, na shikamooni kwa wakubwa.

Tunakwenda Italia mwishoni mwa Juni, watu watano: mimi, mke wangu, mama mzazi (miaka 68) na watoto wawili, mmoja miaka 9 na mwingine 3. Tunashukia Fiumicino (uwanja wa ndege wa Roma), tunalala Roma siku tatu, Firenze siku mbili (hapo katikati tunataka kwenda Pisa na kurudi siku hiyohiyo), Venezia siku mbili, halafu Milano siku moja na kuondokea Malpensa (uwanja wa ndege wa Milano). Viza tumeomba, bado hatujajibiwa.

Nimejaribu kukata tiketi mwenyewe nikakwama sehemu nne. Treni hiyohiyo, saa ileile, ina bei tatu tofauti na sielewi tofauti yake. Tarehe zangu za Juni zinaonyesha treni mbili tatu tu, wakati nikiweka wiki ijayo naona treni nyingi. Nilipojaribu kulipa, kadi ilikataa mara mbili. Na sijui mtoto wa miaka 3 anakatiwa tiketi au la. Nani anaijua vizuri njia hii anipe maelekezo ya uhakika?

---

Reli_na_Njia

Mkuu, kabla hatujafika kwenye bei na kadi, zigawe kwanza treni za Italia mafungu mawili, maana kanuni za kununua fungu hili ni kinyume kabisa cha zile za fungu lile. Wengi wanaoumia ni wale waliozichanganya.

Fungu la kwanza ni treni za masafa: Frecciarossa na Intercity za Trenitalia, ambayo ni kampuni ya serikali, pamoja na Italo, kampuni binafsi iliyoanza kubeba abiria mwaka 2012. Hizi zinauzwa kama ndege. Tiketi ina jina lako, namba ya treni, namba ya behewa na namba ya kiti. Bei inapanda kadiri viti vya bei ya chini vinavyokwisha. Roma–Firenze kwa Frecciarossa, ukiwahi, unaweza kupata chini ya euro 20 kwa mtu. Ukija kununua siku ya safari inapita 50, na ni kiti kilekile.

Fungu la pili ni Regionale na Regionale Veloce. Hizo zichukulie kama daladala. Nauli ni moja, inategemea umbali, haipandi hata ukinunua dakika tano kabla. Kiti hakina namba, na tiketi haziishi. Kwa hiyo Firenze–Pisa, ambayo ni ya fungu hili, usijisumbue nayo leo. Treni ziko zaidi ya moja kila saa, mwendo ni kama saa moja, mtanunua asubuhi hiyohiyo kwa simu au kwenye mashine ya stesheni. Anayekuuzia Firenze–Pisa miezi mitatu kabla kwa kisingizio cha "kuwahi bei" anakuuzia hewa.

Sasa zile bei tatu. Kwa Trenitalia zinaitwa Base, Economy na Super Economy. Hazina uhusiano na ubora wa kiti. Ni masharti ya kubadilisha. Base ndiyo ghali, lakini unaruhusiwa kubadilisha saa au siku kabla treni haijaondoka, na ukighairi unarudishiwa pesa zako kwa makato ya asilimia 20. Economy unaweza kubadilisha kwa kulipa nyongeza inayofikia bei ya Base, lakini pesa hairudi. Super Economy ndiyo rahisi kuliko zote na ndiyo imefungwa kabisa: hubadilishi, hurudishiwi. Ukiikosa treni, tiketi imekufa. Italo nao wana ngazi zao zenye masharti yao, kama Flex, Economy na Low Cost. Gusa jina la bei kabla ya kuchagua, masharti yanafunguka hapohapo.

Ubora wa kiti ni jambo jingine, lina safu yake kwenye jedwali. Frecciarossa kuna Standard, Premium, Business na Executive. Italo kuna Smart, Prima na Club. Standard na Smart zinatosha kabisa kwa safari ya saa moja na nusu. Tofauti ya kukaa Business kati ya Roma na Firenze ni upana wa kiti na kinywaji, si kufika mapema.

Na kwa kuwa viza bado: usinunue Super Economy hata moja mpaka pasipoti irudi mkononi. Ikiwa ubalozi unataka kuona mpango wa safari, ratiba uliyoiandika mwenyewe yenye miji, tarehe na namba za treni inaonyesha mpango. Ukiona lazima ushike kiti, nunua Base, ukijua asilimia 20 inaweza kukatwa.

---

Mwenda_Roma

Shukrani mkuu, hili la mafungu mawili limenifungua macho. Na zile tarehe za Juni kuwa tupu? Au treni zimejaa?

---

Reli_na_Njia

Hazijajaa, hazijapakiwa. Ratiba ya reli Ulaya hubadilika mara mbili kwa mwaka, katikati ya Desemba na katikati ya Juni. Safari yako iko upande wa pili wa mabadiliko ya Juni. Mpaka ratiba mpya iingizwe kwenye mfumo, tovuti inaonyesha treni chache zilizokwisha kuthibitishwa, au haionyeshi kitu. Na haziingii zote kwa siku moja. Frecciarossa zinaweza kuonekana leo, Intercity wiki nyingine, Regionale zikawa za mwisho. Italo wana kalenda yao ya kufungua mauzo.

Namna ya kupima: tafuta safari hiyohiyo siku ya wiki ileile, lakini tarehe iliyo kabla ya katikati ya Juni. Ukiona treni kila nusu saa, basi na yako itakuwa hivyo au karibu na hivyo. Kosa la kuepuka ni kuona treni moja ya saa 11 alfajiri, kudhani ndiyo pekee, ukainunua kwa haraka. Subiri, angalia mara moja kwa wiki.

---

Chalii_wa_Stesheni

Mimi nakuongezea moja tu: tiketi zote chapisha kwenye karatasi, na kila ukifika stesheni uigonge muhuri kwenye kimashine kabla ya kupanda. Usipogonga, faini.

---

Binti_Malindi

Chalii, hapo umechanganya, na ni mchanganyiko wa gharama, kwa hiyo niurekebishe kabla haujabebwa.

Kinachogongwa muhuri ni tiketi ya *karatasi* ya Regionale, ile inayotoka kwenye mashine au dirishani. Haina saa maalum, kwa hiyo bila muhuri mtu angeitumia wiki nzima. Vimashine viko ukutani au kwenye nguzo unapoelekea jukwaani. Unaingiza ncha ya tiketi, unasikia mlio, unatazama kama tarehe na saa zimechapwa. Ikiwa kimashine kibovu na kingine hakipo karibu, mtafute mkaguzi *kabla* hujakaa, umwambie mwenyewe. Akikukuta umekaa na tiketi isiyogongwa, maelezo huwa yamechelewa.

Tiketi ya Frecciarossa, Italo au Intercity haigongwi. Ina treni yake na kiti chake tayari. Haihitaji karatasi pia: faili la PDF kwenye simu lenye msimbo wa QR linatosha. Lipakue kwenye simu yenyewe, usitegemee kulifungua kutoka baruapepe ukiwa ndani ya treni, maana kati ya Firenze na Bologna treni inapita kwenye mahandaki karibu njia nzima na mtandao unakatika.

Tiketi ya Regionale iliyonunuliwa kwa mtandao ni jambo la tatu. Hiyo haina muhuri, lakini soma maandishi yake yenyewe: ikiwa kwenye aplikesheni au kwenye kiungo ulichotumiwa kuna kitufe cha "check-in", kibonyeze kabla ya kupanda, usingoje mkaguzi aonekane mlangoni. Katika familia, hakikisha tiketi za watu wote zimo, si ya baba peke yake.

Sasa majina ya stesheni, maana huku ndiko watu wanapoachwa. Andika miji kwa Kiitalia: Roma, Firenze, Venezia, Milano, Napoli, Torino. Kwa miji mikubwa utapewa chaguo la "Tutte le stazioni", yaani stesheni zote. Lichague wakati wa kutafuta, lakini kabla ya kulipa soma stesheni iliyoandikwa kwenye safari yenyewe:

Roma Termini ndiyo ya katikati; Roma Tiburtina ni nyingine, mbali kidogo. Firenze unayoitaka ni Santa Maria Novella, mara nyingi huandikwa S.M.N.; Campo di Marte na Rifredi ziko pembeni. Milano Centrale ndiyo kuu, lakini treni nyingine husimama Porta Garibaldi au Rogoredo tu.

Venezia ndiyo mtego mkubwa. Venezia Mestre iko bara. Venezia Santa Lucia iko kisiwani, ng'ambo ya daraja, kama dakika kumi mbele. Ukitoka mlangoni unakutana na mfereji uso kwa uso. Treni zinazoendelea Trieste au Udine kwa kawaida husimama Mestre bila kuingia Santa Lucia. Kwa hiyo angalia kwanza hoteli yenu iko wapi. Hoteli nyingi za bei nafuu "Venezia" kwa kweli ziko Mestre, na mkishuka Santa Lucia na mabegi itabidi mrudi.

Ubao wa "Partenze", yaani treni zinazoondoka, nao hauandiki mji wako, unaandika mwisho wa safari ya treni. Ukiwa Termini unakwenda Firenze, usitafute neno Firenze. Treni yako itaandikwa Milano Centrale, au Torino Porta Nuova, au Venezia S. Lucia. Tafuta *namba ya treni* iliyo kwenye tiketi, pamoja na saa ya kuondoka. Safu ya "Bin." ni jukwaa, kwa Kiitalia "binario". Safu ya "Rit." ni dakika za kuchelewa. Ukiona "Soppresso" au "Cancellato", imefutwa. Kwa Malindi na Watamu maneno haya wengi wanayajua kwa sababu ya wageni wa Kiitalia, lakini mtu wa bara anaweza kusimama chini ya ubao mpaka treni inaondoka.

Jukwaa huonekana dakika kama kumi hadi ishirini kabla ya kuondoka, si mapema kuliko hapo. Milango hufungwa dakika mbili kabla ya saa iliyoandikwa. Termini majukwaa yenye neno "Est" yako mbali sana, kutembea kama dakika kumi. Na mama mzee na mtoto wa miaka 3, hesabuni kumi na tano. Pale Termini, Firenze S.M.N. na Milano Centrale kuna mageti, unaonyesha tiketi ndipo unafika jukwaani, kwa hiyo msiifunge simu kwenye begi.

---

Karani_Mstaafu

Nami nizungumzie malipo. Kadi ikikataa, mara nyingi tovuti haina kosa. Angalia kwa mpangilio huu.

Kwanza, je, kadi yako imefunguliwa kwa manunuzi ya mtandaoni na ya nje ya nchi? Benki nyingi za kwetu hutoa kadi ikiwa imefungwa upande huo. Inafanya kazi ATM na dukani, mtandaoni inagoma. Inafunguliwa kwenye aplikesheni ya benki au kwa kupiga simu.

Pili, uthibitisho wa mara ya pili. Tovuti za Ulaya hulazimika kuiuliza benki yako ithibitishe kuwa mlipaji ni wewe, na benki inakutumia namba ya siri ya mara moja kwa ujumbe wa simu. Ikiwa namba ya simu iliyo benki ni ya zamani, ujumbe unakwenda kwa mwingine na malipo yanakufa kimyakimya. Ndiyo maana ni vizuri kulipa mkiwa bado nyumbani. Ukishafika Italia ukaweka laini ya huko, ile laini ya +255 au +254 inayopokea ujumbe imo kwenye bahasha ndani ya begi.

Tatu, kikomo cha matumizi. Tiketi za watu watano kwa pamoja, zikigeuzwa kuwa shilingi na benki ikaongeza makato yake ya kubadilisha fedha, zinaweza kuvuka kikomo cha siku. Nunua safari moja moja badala ya kuweka zote kwenye kikapu kimoja. Ina faida nyingine: safari moja ikigoma, haizivuti nyingine.

Wenye kadi za mtandaoni zinazotokana na pesa za simu, kama ile ya M-Pesa, mnaweza kuzitumia, ila zina tabia yake. Ile namba ya tarakimu tatu ya usalama kwenye baadhi yake inaisha muda baada ya dakika chache. Itengeneze ukiwa umeshafika kwenye ukurasa wa kulipia, si kabla. Na uweke salio la ziada kidogo, maana kiwango cha euro unachokisoma asubuhi si lazima kiwe kile kitakachokatwa.

Nne, na hili ndilo linalowapa watu tiketi mbili: malipo yakikwama katikati, usibonyeze tena mara moja. Angalia ujumbe wa benki. Ikiwa pesa imeshikiliwa, fungua baruapepe, pamoja na folda ya taka, utafute msimbo wa safari unaoitwa PNR, herufi na tarakimu sita. PNR ikiwepo, tiketi ipo. Isipokuwepo na tiketi haikutolewa, pesa iliyoshikiliwa huachiliwa na benki baada ya siku kadhaa. Hapo ndipo ujaribu upya.

Kwenye fomu: si lazima ufungue akaunti, unaweza kuendelea kama mgeni, na mimi nashauri hivyo kwa sababu ukifungua akaunti unaweza kuulizwa mambo ya wakazi kama "codice fiscale", namba yao ya kodi, ambayo wewe huna. "Nome" ni jina lako, "Cognome" ni la ukoo. Yaandike kama yalivyo kwenye pasipoti. Majina yetu yenye ng' hugoma kwenye fomu nyingi kwa sababu ya ile alama ya juu, na tovuti inaleta maandishi mekundu bila kueleza kosa liko wapi. Ondoa alama, andika Ng tu, na ndivyo hata mstari wa chini wa pasipoti unavyoandika. Simu: weka msimbo wa nchi kisha namba bila sifuri ya mwanzo. Baruapepe isome mara mbili. Herufi moja ikikosewa, tiketi inakwenda hewani.

---

Mwenda_Roma

Karani, umenigusa. Nimewasha manunuzi ya nje kwenye aplikesheni ya benki, kumbe yalikuwa yamezimwa. Bado watoto na mama.

---

Bi_Sauda

Mwanangu, kwa Trenitalia kwenye treni za masafa, mtoto ambaye hajatimiza miaka 4 anasafiri bure ikiwa hachukui kiti, anapakatwa. Wa miaka 9 ana punguzo la nusu ya bei ya Base. Lakini usikimbilie kuchagua "mtoto" ukafurahi, kwa sababu nusu ya Base wakati mwingine ni ghali kuliko Super Economy ya mtu mzima. Tafuta mara mbili, mara moja ukimweka kama mtoto, mara moja kama mtu mzima, ulinganishe.

Pia kuna ofa ya familia inayoitwa Bimbi Gratis: kundi la watu wawili hadi watano lenye mtu mzima angalau mmoja, walio chini ya miaka 15 hawalipi, wakubwa wanalipa Base. Viti vyake vina idadi, vikiisha vimeisha. Kwa wakubwa watatu wote kulipa Base, hesabu inaweza kukupinga. Piga hesabu kwa kila safari peke yake. Italo nao wana ofa yao ya familia, na kwenye kutafuta wanagawa abiria kwa umri. Mama weka kundi la wazee, linaloanzia miaka 60, bei inaweza kushuka.

Yule wa miaka 3, mimi ningemkatia kiti ikiwa bei ni ndogo. Roma–Firenze saa moja na nusu kumpakata si kitu. Firenze–Venezia ni zaidi ya saa mbili, na mtoto wa miaka mitatu mwezi wa sita hapakatiki.

Kwa Regionale umri ni tofauti: chini ya miaka 4 bure, miaka 4 hadi 11 nusu nauli. Kwa hiyo Pisa mtakata tiketi tatu na nusu. Na mkienda Pisa kuona ule mnara ulioinama, Pisa Centrale iko kama dakika 20 na zaidi kwa miguu. Zipo treni zinazofika Pisa San Rossore, ambayo iko karibu zaidi na mnara. Kwa ajili ya mama, ichagueni hiyo.

Kuhusu mama, ikiwa kupanda ngazi za treni kunamsumbua, stesheni kubwa zina huduma inayoitwa Sala Blu, ya kampuni ya miundombinu ya reli, RFI. Ni bure na inawahudumia hata abiria wa Italo. Wanamsindikiza mpaka kwenye kiti, na kiti cha magurudumu kikihitajika kinakuja. Lakini inaombwa kabla, angalau siku moja, ukiwapa namba ya treni, behewa na kiti. Ukifika ghafla watakusaidia wakipata nafasi, si haki yako. Kwenye kuchagua viti, mchagulieni cha karibu na mlango wa behewa, na ninyi mkae naye, maana mfumo ukiachiwa unaweza kuwatawanya. Kuchagua kiti mwenyewe kwa bei za chini kunaweza kuwa na ada ndogo. Ilipeni.

Mabegi nayo: Frecciarossa sasa wanaruhusu mabegi mawili kwa abiria, na la Standard ukijumlisha urefu, upana na kimo lisizidi sentimita 161, magurudumu na mshikio vikiwemo. Yale masanduku makubwa kabisa ya Kariakoo yapimeni kwanza nyumbani.

---

Binti_Malindi

Kuna jambo limesahaulika na ni letu sisi Waswahili: saa. Tovuti inaandika saa 24 kwa saa za Italia. 09:35 ni saa tatu na dakika 35 asubuhi, 14:20 ni saa nane na dakika 20 mchana. Ukimtumia mama ujumbe "treni saa 8:20", yeye atajiandaa mchana na wewe ulimaanisha saa mbili asubuhi. Kwenye karatasi ya familia andikeni zote mbili. Na Juni Italia iko nyuma ya Afrika Mashariki kwa saa moja. Majira ya baridi ni mbili. Saa ya tiketi haibadilishwi, ni ya huko tayari.

Tarehe ni siku/mwezi/mwaka kama kwetu, hiyo angalau haitusumbui.

---

Reli_na_Njia

Nimalizie njia yenyewe.

Fiumicino hadi Roma Termini: Leonardo Express, dakika 32 bila kusimama, euro 14. Haina kiti maalum, kwa hiyo usiifunge na saa ya ndege. Nunua mkishatoka na mabegi. Hoteli ikiwa karibu na Trastevere, Ostiense au Tiburtina, treni ya FL1 inapita huko na ni rahisi zaidi, ila inasimama njiani.

Roma–Firenze, Firenze–Venezia, Venezia–Milano: hizi tatu ndizo za kununua mapema, viza ikishatoka. Linganisha Trenitalia na Italo kila mara, kwa kuwa hakuna anayeonyesha treni za mwenzake. Tovuti za mawakala zinaonyesha zote mbili pamoja, ni nzuri kwa kuangalia, lakini nyingi huongeza ada, na ukitaka kubadilisha tiketi unarudi kwa wakala, si kwa kampuni ya treni. Angalia kwa wakala, nunua kwa mwenyewe.

Ipo njia ya Regionale Veloce Roma–Firenze kwa bei isiyobadilika, lakini ni zaidi ya saa tatu, mara mbili ya Frecciarossa. Kwa kijana mwenye begi moja, sawa. Kwa msafara wako, hapana.

Milano–Malpensa ni Malpensa Express, ya kampuni nyingine, Trenord. Inaondoka Milano Centrale, Porta Garibaldi na Cadorna, kutoka Centrale hesabu karibu saa moja. Tiketi ya Frecciarossa haiigusi. Uwanja una vituo viwili vya treni, jengo la 1 na la 2, kwa hiyo angalia tiketi ya ndege kabla ya kushuka.

Mwisho ni migomo, "sciopero". Italia hutangazwa kabla, wizara yao ya uchukuzi ina orodha ya wazi yenye tarehe, na mara nyingi huangukia Ijumaa. Iangalie wiki mbili kabla, kisha tena siku tatu kabla. Siku ya mgomo treni za Regionale zina saa zinazolindwa siku za kazi, 06:00 hadi 09:00 na 18:00 hadi 21:00, na kampuni za masafa hutoa orodha ya treni ambazo zitakwenda. Treni yako ikifutwa unarudishiwa pesa yote, hata kama ilikuwa Super Economy. Ikichelewa dakika 60 hadi 119 unadai asilimia 25 ya nauli, kuanzia dakika 120 nusu. Usitegemee iletwe yenyewe, jaza fomu kwenye tovuti kwa ile PNR. Kwa hiyo usifute tiketi kwenye simu ukishashuka.

Siku ya kuruka kutoka Malpensa mgomo ukitajwa, Malpensa Express huwa na basi mbadala kati ya mji na uwanja, lakini linakwama kwenye foleni. Ondokeni mkiwa na saa nne nzima kabla ya ndege.

---

Mwenda_Roma

Nimeelewa. Nimeandika tatu za kununua viza ikitoka, na tatu za kununua nikiwa stesheni. Bi Sauda, masanduku nimepima: moja lina 158, la pili 171. La pili linabaki Temeke.